Kinga ya asili: Mlinzi wa kwanza wa mwili dhidi ya VVU

TUNDUMA ni mji wa mpakani ambao uhai wake unategemea barabara. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam, baada ya safari ya zaidi ya kilomita 900, hupanga foleni hapo kabla ya kuvuka kuingia Nakonde nchini Zambia na kuendelea na safari, mengine hadi Lubumbashi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Reli ya TAZARA nayo inapita hapo hapo. Madereva, utingo, wabadilishaji fedha, mama lishe na wahudumu wa baa na nyumba za kulala wageni hukutana, hukaa pamoja kwa siku kadhaa, kisha hutawanyika.

Kwa miaka mingi njia hiyo ya biashara ilikuwa pia njia ya Virusi vya UKIMWI (VVU). Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya UKIMWI wa mwaka 2003/04 ulionyesha kwamba asilimia 7 ya Watanzania Bara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na maambukizi. Katika Mkoa wa Mbeya kiwango hicho kilikuwa asilimia 13.5, kikubwa kuliko mkoa mwingine wowote uliopimwa. Wakati huo Tunduma ilikuwa sehemu ya Mbeya. Mkoa wa Songwe, wenye makao yake makuu Vwawa, ulianzishwa mwaka 2016.

Katika mji wa namna hiyo yamekuwapo maswali ambayo watu huulizana kwa sauti ya chini. Inakuwaje mume akutwe na virusi ilhali mkewe hana? Kwa nini mtu mmoja hudhoofika ndani ya miaka miwili au mitatu, na mwingine aliyeambukizwa kipindi hicho hicho akaendelea na shughuli zake kwa miaka kumi bila dawa? Jibu la mitaani huwa jepesi, kwamba fulani ana damu kali. Jibu la kitaalamu ni refu zaidi, na anayelielewa nusu nusu anaweza kulilipia kwa uhai wake.

Sehemu kubwa ya jibu hilo imo katika kile ambacho wataalamu hukiita kinga ya asili, yaani ulinzi ambao binadamu huzaliwa nao.

Ngazi mbili za ulinzi

Mwili wa binadamu hujilinda kwa ngazi mbili. Ngazi ya kwanza ni kinga ya asili. Hii haihitaji kumfahamu adui kwa jina. Ngozi, ute unaofunika sehemu za siri na njia ya chakula, pamoja na seli zinazozunguka katika damu na nyama za mwili, huanza kazi ndani ya dakika au saa chache baada ya kitu kigeni kuingia.

Ngazi ya pili ni kinga ya kujifunza. Hii humchunguza adui mmoja mmoja, hutengeneza kingamwili zinazomlenga yeye tu, huandaa seli za CD8 zenye kazi ya kuua seli zilizokwisha kuambukizwa, na huweka kumbukumbu. Chanjo hutegemea zaidi ngazi hii. Udhaifu wake ni kwamba huchukua siku nyingi, pengine majuma, kabla ya kuwa tayari.

Katika siku zile za kusubiri, kinga ya asili ndiyo inayolinda lango. Kazi yake ina sehemu kuu tatu.

Sehemu ya kwanza ni kutoa taarifa. Seli za dendriti, ambazo zina umbo lenye matawi, hutambua kwamba chembe za urithi zilizoingia si za mwili. Baadhi yake hutoa kwa wingi protini iitwayo interferoni. Protini hiyo huzipasha habari seli za jirani ili zijiandae, na seli hizo huwasha mamia ya jeni za kujilinda.

Sehemu ya pili ni vizuizi vilivyomo ndani ya seli zenyewe. Mwaka 2002 watafiti waligundua protini iitwayo APOBEC3G, ambayo huharibu maandishi ya urithi ya kirusi wakati yanaponakiliwa. Mwaka 2004 ilitambuliwa TRIM5-alfa, inayoshambulia ganda la kirusi mara tu kinapoingia ndani ya seli. Mwaka 2008 ikafuata tetherini, ambayo huvishika virusi vipya visiweze kuachana na seli vilimozaliwa.

Sehemu ya tatu ni seli za NK, ambazo ni wauaji wa asili. Hizi hukagua seli nyingine kama askari akaguavyo vitambulisho. Seli iliyoambukizwa mara nyingi huficha au kubadili alama zake za utambulisho, na seli ya NK inapoona kasoro hiyo huiangamiza bila kungoja amri.

Hata hivyo, VVU navyo vina silaha zake. Protini yake iitwayo Vif huiangamiza APOBEC3G, na nyingine iitwayo Vpu huidhoofisha tetherini. TRIM5-alfa ya baadhi ya nyani wa Asia huvizuia VVU vizuri, lakini ya binadamu ni dhaifu mbele ya virusi hivyo. Ndiyo maana kwa watu wengi kinga ya asili hupunguza kasi ya virusi tu, bila kuvishinda.

Ushahidi kutoka Mbeya

Nyanda za Juu Kusini zimetoa mchango mkubwa katika kuelewa siku hizo za mwanzo. Jijini Mbeya, takribani kilomita 100 kutoka Tunduma, kipo kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), ambacho kwa miaka mingi kimefanya kazi na Chuo Kikuu cha Munich cha Ujerumani na mpango wa utafiti wa VVU wa jeshi la Marekani.

Mwaka 2000 watafiti waliandikisha wanawake 600 waliokuwa wakifanya kazi katika baa za Mkoa wa Mbeya. Katika vipimo vya awali asilimia 68 kati yao walikutwa na VVU. Wanawake hao walifuatiliwa kwa miaka kadhaa, wakapewa ushauri na kutibiwa magonjwa ya zinaa, na kasi ya maambukizi mapya miongoni mwa waliokuwa hawana virusi ikashuka kutoka karibu wanawake 14 hadi 5 kwa kila 100 kwa mwaka.

Damu ya wanawake hao ilifichua jambo jingine. Aina kadhaa za VVU, yaani A, C na D, zilikuwa zikikutana katika eneo hilo, na virusi vingi vilikuwa mchanganyiko wa aina hizo. Njia panda ya magari ilikuwa imegeuka kuwa njia panda ya virusi.

Aidha, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba wanawake ambao seli zao za CD8 zilitambua vipande vingi vya protini ya kirusi iitwayo Gag walikuwa na virusi vichache zaidi katika damu. Hiyo ni kazi ya kinga ya kujifunza, lakini seli za CD8 hufundishwa na seli za dendriti. Mwalimu akikosea, mwanafunzi naye hupotea.

Kuanzia mwaka 2009 utafiti mkubwa zaidi uliihusisha Mbeya pamoja na Kericho nchini Kenya, Kampala nchini Uganda, na Thailand. Watu 2,276 waliokuwa katika hatari kubwa ya kuambukizwa walikubali kutoa damu mara mbili kila juma. Lengo lilikuwa kumkuta mtu katika siku zile zile ambazo virusi vinaingia, kabla kingamwili hazijaonekana. Walioambukizwa na kugunduliwa katika hatua hiyo ya awali walikuwa 112. Kati yao, 50 walikuwa wametoa damu mara mbili au zaidi kabla ya kingamwili kuonekana.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la tiba la New England Journal of Medicine. Kwa wastani, virusi vilifikia kilele siku ya 13 tangu vilipoonekana kwa mara ya kwanza katika damu, vikiwa karibu nakala milioni 5 kwa mililita moja. Kipimo cha kingamwili kilianza kuonyesha maambukizi siku ya 14. Kufikia siku ya 31 virusi vilikuwa vimeshuka hadi takribani nakala 20,000, na baada ya hapo vikatulia karibu na kiwango hicho.

Jambo la msingi ni kwamba waliokuwa na kilele cha chini ndio walioelekea kutulia katika kiwango cha chini. Kwa maneno mengine, yaliyotokea katika majuma mawili ya kwanza, wakati mhusika hajui lolote na wengi wana homa ndogo tu au hawaumwi kabisa, yalihusiana na hali yake ya miezi na miaka iliyofuata.

Sampuli za utafiti huo ziliendelea kuchunguzwa. Mwaka 2020 wanasayansi walieleza katika jarida la Nature Communications jinsi seli ziitwazo MAIT, ambazo zinasimama kati ya ngazi mbili za kinga, zinavyoamshwa mapema baada ya maambukizi na kuendelea kubadilika zifanane zaidi na seli za kinga ya asili.

Wachache wanaovizuia virusi

Wapo watu ambao miili yao huvidhibiti VVU hadi vipimo vya kawaida vishindwe kuviona katika damu, ingawa hawatumii dawa. Kwa makadirio ya tafiti nyingi hawafiki mtu 1 katika kila 100 wenye maambukizi. Mwaka 2021 watafiti waliochunguza sampuli za damu kutoka Kinshasa waliripoti kiwango kikubwa kuliko kawaida, kati ya asilimia 2.7 na 4.3.

Uwezo huo kwa sehemu hutokana na urithi. Jeni za kundi la HLA-B, hususan ile ya namba 57, huonekana mara nyingi kwa watu wa aina hii. Jeni za HLA ndizo zinazotengeneza vile vitambulisho ambavyo seli za NK huvikagua. Mwaka 2002 ilionekana kwamba mtu mwenye jeni ya seli za NK iitwayo KIR3DS1, akiwa pia na aina fulani ya HLA-B, huchelewa kupata UKIMWI. Ugunduzi huo ulikuwa miongoni mwa ushahidi wa awali kwamba kinga ya asili ina nafasi katika mwendo wa ugonjwa.

Lakini KIR3DS1 ni adimu miongoni mwa Waafrika. Vivyo hivyo hitilafu ya jeni ya CCR5, iliyotambuliwa mwaka 1996 na ambayo huwakinga baadhi ya Wazungu dhidi ya maambukizi, karibu haipo kabisa kwa Waafrika. Siri ya Mwafrika anayevidhibiti VVU, basi, haiwezi kusomwa katika damu ya Mzungu. Ndiyo sababu tafiti za Mbeya, Kampala na Nairobi zina uzito wake.

Jijini Nairobi, katika eneo la Majengo, Pumwani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Manitoba cha Kanada walianza mwaka 1985 kuwafuatilia wanawake wanaofanya biashara ya ngono. Idadi ndogo miongoni mwao iliendelea kutokuwa na VVU kwa miaka mingi, licha ya kukutana na virusi mara kwa mara. Uchunguzi wa baadaye ulihusisha hali hiyo na tofauti katika jeni ya IRF-1, ambayo ni sehemu ya mitambo ya interferoni, na pia na utulivu wa mfumo wao wa kinga. Seli zao hazikuwa zimechangamka ovyo, na VVU hupendelea kuingia katika seli za CD4 zilizochangamka.

Hata hivyo, habari ya Majengo ina upande wa pili. Mwaka 2001 iliripotiwa kwamba baadhi ya wanawake hao walioonekana kuwa na ukinzani waliambukizwa baadaye, na wengi wa waliopatwa na hali hiyo walikuwa wamepumzika au kupunguza biashara hiyo kabla ya kuambukizwa. Ngao waliyodhaniwa kuwa nayo haikuwa ya kudumu.

Somo la tumbili na sokwe

Wanyama nao wana la kufundisha. Tumbili wa Afrika Mashariki hubeba virusi vya jamii ya VVU, viitwavyo SIV, lakini kwa kawaida hawaugui UKIMWI. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2009 zilionyesha kwamba tumbili wa Afrika anapoambukizwa, interferoni zake hupanda kwa nguvu kama za mnyama mwingine yeyote, lakini ndani ya majuma machache hushuka na mwili hutulia. Mwaka 2017 ikaonekana kwamba seli zake za NK huingia ndani ya tezi za kinga na kuvidhibiti virusi humo.

Sokwe wa Hifadhi ya Gombe, mkoani Kigoma, hawana bahati hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba sokwe wenye SIV katika hifadhi hiyo walikuwa katika hatari ya kufa mara 10 hadi 16 zaidi ya wenzao wa umri ule ule wasio na virusi.

Binadamu anafanana na sokwe katika jambo hili. Kwake kengele ya hatari ikishalia haizimiki. Interferoni huendelea kutoka, seli za kinga huchangamka mchana na usiku, utumbo huvuja vijidudu kuingia katika damu, na mwili huchakaa. Jaribio la nyani lililochapishwa mwaka 2014 lilithibitisha sura hizo mbili. Interferoni ilipozuiwa mapema, virusi viliongezeka na ugonjwa ukaenda kasi. Ilipotolewa kama dawa kabla ya maambukizi ilisaidia mwanzoni, lakini ilipoendelea kutolewa mwili uliizoea na hali ikawa mbaya zaidi.

Kinga inapofungua mlango

Kinga ya asili yaweza hata kumsaidia adui. Mtu akiwa na kidonda au uvimbe wa ugonjwa wa zinaa, mwili hupeleka seli nyingi za kinga mahali hapo. Miongoni mwake zimo seli za CD4, ambazo ndizo VVU huzitafuta. Virusi vikifika hukuta meza imeandaliwa.

Jambo hilo lilipata ushahidi hapa hapa Tanzania. Mwaka 1995 jaribio lililofanyika vijijini mkoani Mwanza lilionyesha kwamba kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa katika zahanati na vituo vya afya kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takribani asilimia 40. Majaribio ya baadaye katika mazingira mengine hayakuleta matokeo ya kiwango hicho, lakini kuwatibu wenye magonjwa hayo kumebaki kuwa sehemu ya mapambano.

Tohara ya wanaume inaelezwa kwa namna inayofanana. Ngozi ya govi ina seli nyingi za kinga ambazo VVU hushikamana nazo. Majaribio ya Afrika Kusini, Kisumu na Rakai, yaliyotoa matokeo kati ya mwaka 2005 na 2007, yalionyesha kwamba tohara hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa na mwanamke kwa takribani asilimia 60.

Hatari ya kujipa moyo

Kwa mkazi wa Tunduma, Vwawa au Mlowo, elimu hii ina maana gani?

Kwanza, wanandoa wanaopata majibu tofauti wasidhani kwamba asiye na virusi ana damu isiyoambukizika. Uwezekano wa kuambukizwa katika tendo moja si mkubwa, na hutegemea zaidi wingi wa virusi alivyonavyo mwenzake. Bahati ya miaka mitano yaweza kwisha kwa usiku mmoja.

Pili, mwenye VVU anayejisikia mzima asijihesabu miongoni mwa wale wachache. Mtu anaweza kuonekana na afya kwa miaka mingi ilhali seli zake za CD4 zinapungua kimya kimya, na katika muda huo anaweza kuwaambukiza wengine. Hata wale ambao virusi vyao havionekani bila dawa wamekutwa na dalili za mchachamko wa kinga zaidi ya watu wasio na VVU, na baadhi yao hupoteza uwezo huo baadaye.

Tatu, majibu ya kipimo kilichofanywa siku chache baada ya tukio la hatari si ya mwisho. Katika siku hizo kinga ya asili inapambana peke yake na kingamwili, ambazo ndizo vipimo vya kawaida huzitafuta, bado hazijatokea. Anayepimwa mapema na kukutwa hana virusi anatakiwa kurudia kipimo baadaye kama atakavyoelekezwa na mtoa huduma.

Nne, zipo dawa zinazoweza kuisaidia kinga hiyo katika saa zake ngumu. Dawa za PEP huanzishwa ndani ya saa 72 baada ya mtu kukutana na hatari, na dawa za PrEP hutumiwa kabla ya kukutana nayo. Kwa aliyekwisha kuambukizwa, Tanzania iliachana mwaka 2016 na utaratibu wa kungoja CD4 zishuke. Kila anayekutwa na VVU huanzishiwa dawa za kufubaza virusi. Akizitumia kwa uaminifu hadi virusi visionekane katika damu, hawezi kumwambukiza mwenzake kwa njia ya kujamiiana.

Chanjo bado inatafutwa

Watafiti hawajakata tamaa ya kuigeuza siri ya wachache kuwa mali ya wengi. Wanatafuta namna ya kuzizindua seli za NK, na viambato vinavyoweza kuzifundisha seli za dendriti kuandaa kinga iliyo bora zaidi.

Njia hiyo ni ngumu. Jaribio la chanjo la PrEPVacc, lililofanyika Mbeya, Dar es Salaam, Masaka nchini Uganda na Durban nchini Afrika Kusini, lilisitisha utoaji wa chanjo mwishoni mwa mwaka 2023 baada ya kuonekana kwamba hakukuwa na matumaini ya chanjo hizo kuzuia maambukizi.

Wakati utafiti ukiendelea, malori bado yanapanga foleni Tunduma. Kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa mwaka 2019 kilikusudiwa kupunguza siku ambazo madereva hukaa mpakani, lakini wageni bado ni wengi na usiku wa mpakani ni mrefu. Kinga ambayo kila mmoja wao alizaliwa nayo ni ya kweli na inafanya kazi yake. Hakuna kati yao awezaye kujua kwa macho ni ya nguvu kiasi gani, na kwa walio wengi haitoshi bila dawa.